SOMO LA MTOTO LISIFUNGIWE (Sehemu ya 4)

Mama zangu, leo nawasema wanaotufundisha sisi manesi. Ila linawahusu.

Nilisoma kozi ya matibabu ya kuhara kwa watoto kwenye mfumo wa masomo wa mtandaoni. Neno la siri, mtihani, cheti. Kozi ilipoisha, mlango ukafungwa. Maswali tuliyoulizana na majibu tuliyopeana yote yakabaki ndani.

Wiki iliyofuata mama akaniuliza wodini: "Nesi, mtoto ameacha kuhara, zinki nisimamishe?" Hapana mama, maliza siku zote ulizoandikiwa, 10 hadi 14. Jibu hilo lilikuwemo kwenye kozi. Kwa nini asilisome kwenye simu yake?

Blogu inasomeka bila kujisajili. Wiki ni ukurasa unaoandikwa na kusahihishwa na wengi. Wikipedia ya Kiswahili inaenda hivyo tangu 2003.

Najua watasema: "Kila mtu akiandika si watapotosha?" Wapo watakaopotosha, kweli. Lakini wiki inatunza kila badiliko, kosa likionekana linafutwa na maandishi ya awali yanarudi. Sisi manesi tuwe walinzi wa ukurasa. Kwenye mfumo wenu kosa likiwemo, nani atalisema wakati wote tumeshatolewa?

Alama za mtihani fungieni. Siri za wagonjwa fungieni. Elimu ya kuokoa mtoto, iacheni wazi jamani!

Mama, swali gani ungependa liwe na ukurasa wake? Niandikie hapa chini. Inaendelea kesho.