Saa 45 ni za kampuni, zingine ni zetu



Juma lililopita kijana moja wa kartie yetu, amemaliza masomo ya informatiki mwaka huu, alinisimamisha mu barabara. "Kaka, weye uko mu teknolojia. Mulifanyaka aje juu ya kuingia?" Wakati wote alikuwa anaangalia badji yangu, hakuangalia uso. Nilitaka kumujibu vizuri. Telefone ya kazi ikalia, nikapanda moto, nikaenda. Basi hii ndiyo jibu yangu kwake, na kwenu wote wenye munafikiri kama kuvaa badji ni kufika.

Kwanza mujue, kampuni yangu si ile munaona rangi zake ku kuta za nyumba na ku miavuli ya wenye kuuza inite. Kampuni kubwa inatoa kazi kwa kampuni ingine ndogo, na ile ndogo ndiyo inatutumikisha. Wanaita hiyo sutretansi. Sheria ya 8 Februari 2017 inasema kazi za namna hii zipewe kampuni za Wakongomani. Ni jambo nzuri, wengi wetu tulipiga mikono. Lakini mimi sijaona bado namna feza ile inashuka mupaka kwa mutu mwenye kupanda pilone.

Kazi yenyewe ninaipenda. Niseme hivyo mapema, mutu asifikiri ni uvivu unaongea. Pilone iko na batri na iko na jeneratere. Umeme ikikatika, batri zinashika kwa masaa fulani. Batri zikichoka, jeneratere inawaka. Mazutu ikiisha, ao mutu akiiiba, site inaanguka. Na haianguke peke yake: pilone moja ya ku mulima inaweza kubeba mawasiliano ya zingine zenye ziko nyuma yake, zinarushiana kwa zile antene za duara munaonaka kama ngoma. Ya mbele ikizima, zile za nyuma zote zinanyamaza. Ndiyo maana wananipigia saa nane ya usiku, si juu ya kunitesa tu.

Na tangu mwisho wa Januari 2025, wakati banki za Goma zilifunga milango, feza ya watu wengi inapita ndani ya telefone. Mama mwenye kuuza sombe anangojea makuta ya mutoto wake kutoka Kinshasa, inafika kwa telefone ao haifike. Rezo ikikatika jioni, kuko nyumba watu watalala bila kula. Ninajua, niko natoka mu nyumba kama hizo.

Sasa, siku ya posho tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotema moto, nilikuwa stajiere bado. Tarehe 27, wakati gavana alitangaza kartie kumi zitoke, watu wakaenda Sake, wengine Minova, wengine Gisenyi. Sisi watatu tulibakia na madumu ya mazutu. Mama yangu alinipigia mara kumi na tano, mwishoni akawa analia tu bila kusema kitu. Siku zile sikuhesabu saa. Nani angehesabu? Muji unakimbia, watu wanatafutana kwa telefone, ukizima pilone unazima ndugu ya mutu. Nikiwa na uwezo nitarudilia kufanya vile vile.

Lakini volkano ilitulia, watu wakarudi, na ile namna ya kutumika ikabakia. Shefu alizoea. Na sisi tulizoea. Tulikuwa tunatumika kama vile kila juma iko na volkano yake.

Staji yangu ilikuwa ya miezi sita, ikafika miezi kumi na ine. Kisha wakanipa kazi, bila karatasi. Kila miezi mitatu ninauliza, shefu anasema: "Kontra yako iko ku sinyature." Miaka mitatu iko ku sinyature! Ninajiulizaka ule mwenye kusinya anakaa ku inchi gani. Ninapata dola 180 kwa mwezi, na siku nikienda site ya mbali wananilipia esansi ya moto. Telefone ya kazi ni yao, lakini nikizima hata wakati wa misa, siku ya kwanza ninaitwa biro kutoa maelezo.

Sasa nifike ku gitaa.

Mimi ni mupiga gitaa. Tangu niko na miaka kumi na tatu. Baba yangu mudogo aliniachia gitaa yake ya kamba tano (ya sita ilikuwa ni waya ya frein ya kinga), na nilijifunza rumba kwa kusikiliza redio. Tuko na orkestra ndogo ya kartie, tunapiga ku ndoa, ku matanga, ku sikukuu za masomo. Haituleteye feza ya kusema. Lakini ndiyo mahali pekee mu juma nzima nakuwa mutu mwenye jina. Ku kazi mimi ni namba ya timu.

Tarehe 14 Desemba 2021 Unesco iliandika rumba yetu kati ya urizi wa dunia. Kinshasa na Brazzaville walicheza, ku kartie yetu mzee wa orkestra alitoa vyombo inje. Mimi nilikuwa juu ya pilone, na ufunguo wa batri mu kinywa. Rafiki yangu alinitumia sauti ku WhatsApp nikaisikilizia huko juu, upepo unanipiga masikio. Nilicheka sana siku ile. Leo sichekake tena.

Mwaka jana, ndoa ya dada ya bateri wetu. Tulikuwa tunaingia sebene, mabibi wamekwisha kusimama, bwana harusi ametoa koti. Telefone ikalia. Mara ya kwanza niliacha. Mara ya tatu nikavua gitaa, nikaiweka mu mikono ya kijana wa miaka kumi na sita mwenye alikuwa anabeba spika, nikatoka kwa mulango wa nyuma. Ile usiku, tatizo ilikuwa nini? Mutu ku biro alikuwa anataka ripoti ya mazutu ya mwezi mbele ya siku ya kwanza. Ripoti!

Mzee wa orkestra hakunitukana. Alinipa kiti, akaniambia: "Mutoto wangu, gitaa haipendake mutu wa kuja na kwenda." Ule kijana wa spika ndiye anapiga solo sasa. Na anapiga vizuri, niseme ukweli.

Nilipomuomba shefu anihesabie siku ya posho moja juu ya mbili, alijibu ile neno munajua wote: "Kuko vijana mia moja inje wenye wanatafuta mafasi yako." Ni kweli, wako. Moja wao ndiye alinisimamisha mu barabara. Ndiyo maana ninamuandikia: siku ukiingia, watakutisha na mimi, kama vile wananitisha na weye.

Nilinunua daftari ya franka elfu moja. Kwa majuma mane niliandika kila saa: kufika, kutoka, usiku wenye niliamshwa, yenga yenye nilitumika. Juma la kwanza 71. La pili 66. La tatu 78. La ine 69. Ukigawanya, ni saa 71 kwa juma.

Kode ya kazi ya inchi yetu, ya 16 Oktoba 2002, inasema saa 45 kwa juma na 9 kwa siku. Saa zenye kupita, sita za kwanza zinaongezwa 30%, za kisha 60%, na za siku ya mapumuziko zinalipwa mara mbili. Mimi nilikuwa natoa saa 26 kila juma kwa bule, miaka mitatu. Fanyeni hesabu wenyewe, mimi nikiifanya ninashindwa kulala.

Na kuko kitu wengi hatujue. Tunafikiri kukosa karatasi ni kukosa haki. Ni kinyume yake. Kode inasema kontra ikikosa kuandikwa, inahesabiwa kama kontra isiyo na mwisho, mupaka mwenye kampuni alete ushahidi wa kinyume. Kontra ya muda nayo haiwezi kupita miaka mbili. Na ule wanamuita jurnalie, akisha kutumika siku 22 ndani ya miezi mbili, wakimuchukua tena mbele ya hiyo miezi kwisha, anakuwa mutumishi wa kontra isiyo na mwisho. Kwa hiyo ile sinyature nilikuwa nangojea sikuwa hata na lazima nayo juu ya kuwa mutumishi. Nilikuwa tayari. Ni wao walipaswa kuwa na woga, lakini ni mimi nilikuwa nao.

Sheria hiyo ni ya 2002. WhatsApp ilikuja 2009. Walioandika kode hawakuona ile grupe ya kazi yenye inaamuka saa kumi na moja ya asubui na haifungake. Ufaransa waliona, wakaandika tangu 1 Januari 2017 kama kampuni yenye watumishi 50 na kupita inapaswa kupatana nao juu ya saa za kufunga telefone. Kwetu tusingoje deputé aiote. Saa 45 inatosha kuanzia, sababu telefone ikilia na nikijibu juu ya kazi, ile ni kazi.

Mutu ataniambia: na volkano je? Na mama wa sombe je? Nilifikiri sana juu ya hiyo, sababu mimi pia ninamufikiria. Lakini tuko watu saba mu timu. Ukitunga zamu ya usiku, kila mutu iko na juma lake moja juu ya saba, analipwa kwa ile juma, na wale sita wanalala. Mama wa sombe hatapoteza kitu, tena atapata mutu mwenye macho wazi juu ya pilone, si mutu mwenye kusinzia ku urefu wa metre makumi. Shefu hakatae zamu juu ya urgence. Anaikataa sababu zamu inaandikwa, na kitu yenye imeandikwa inalipwa.

Hapa ninageukia upande wetu, ndugu, na musikasirike.

Kati ya 2020 na 2022 tulipiga kelele juu ya RAM, ile kodi yenye walikuwa wanakata ndani ya inite, dola saba kwa mwaka kwa telefone ya 4G. Tulikuwa na haki, na ilikufa. Lakini wangapi kati yetu walienda kutukana dada wa gishe? "Mwizi weye!" Nilimuona moja akilia nyuma ya magari. RAM walikuwa wanamukata pia, ku telefone yake mwenyewe, na mushahara wake haukufika hata mwisho wa mwezi. Tulimutukana yeye sababu wale walioamua hawakai ku gishe.

Na mu mikutano yetu: "Ndugu, weye unajua mashini, njoo kwetu utengeneze, ni dakika tano." Ile dakika tano nilishahesabu pia mu daftari, siku ya posho moja ilikuwa saa ine. Hakuna mutu anamuambia muashi aje ajenge ukuta dakika tano. Sisemi nisisaidie wenzangu. Ninasema muniulize kwanza kama nilikuwa na kitu cha kufanya, sababu kila mutu anaamini mutu wa ordinateri hana maisha ingine, kama vile tunazaliwa na waya.

Tarehe 1 Mei 2023, kule Nairobi, watu kupita 150 wenye kazi yao ni kuangalia na kufuta video mbaya za Facebook, TikTok na zingine, walikutana wakachagua kuunda sindika. Wao pia walikuwa watu wa kampuni ndogo zenye kutumikia kubwa, watu wa inchi mbalimbali, kila mutu na skrini yake na woga yake. Mambo yao haijakwisha. Lakini niliposoma habari ile ndipo nilitoa daftari yangu mu mufuko nikaionyesha wenzangu wa timu, mara ya kwanza.

Wane walinunua daftari yao. Moja alisema, "Utatufukuzisha wote," na simulaumu, iko na batoto batatu na nyumba ya kulipia. Moja hakusema kitu, tangu siku ile hanisalimie vizuri. Barua iko tayari. Inaomba vitu viwili: kontra ya kuandikwa kwa kila mutu na zamu ya usiku ya kulipwa. Kopi moja itaenda ku Inspeksio ya kazi. Sinyature ziko tano. Zingekuwa saba ningelala vizuri zaidi, lakini ni tano.

Inaenda siku ya kwanza asubui. Inaweza kunipotezea kazi, na nyumbani tuko watu sita wenye kula ku dola zile 180. Mama anajua. Alisoma barua, akaniuliza tu kama niliandika jina ya baba vizuri.

Kwa ule kijana wa kartie: nitakuonyesha namna ya kuandika CV, kuja wakati unataka. Lakini usije siku ya posho kisha saa kumi. Mzee alikubali nirudi, nitapiga akompanyema nyuma ya ule kijana wa spika, na mazoezi iko saa kumi na moja.