Hesabu Iliyokatizwa Njiani

Usiku wa kuamkia Agosti 11, 2022, kura za urais zikihesabiwa, Mkenya aliyeshika rimoti alikuwa na uwezo wa ajabu: akibadilisha stesheni, anabadilisha rais. Huku Raila Odinga alikuwa mbele, kule William Ruto, na kwingine wamekabana koo. Wafuasi wa kila upande walituama kwenye stesheni iliyowapendeza, wakaiita ile nyingine kibaraka.

Tofauti hizo hazikuhitaji njama yoyote. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Maina Kiai na wenzake, iliamua kwamba hesabu ya kura za urais iliyofanywa kituoni ni ya mwisho. Miaka mitano baadaye tume ya uchaguzi, IEBC, ikapakia kwenye tovuti yake picha za fomu 34A, zenye matokeo ya kila kituo, kutoka vituo 46,229 vya kupigia kura, kila mwenye simu ajisomee. Kilichokosekana ni jumla. Vyombo vya habari vikaketisha makarani wao wazichape tarakimu moja baada ya nyingine, na kila chumba cha habari kilikuwa na mpangilio wake. Aliyetangulia kuingiza fomu za ngome ya Ruto alimwonyesha Ruto akipaa. Aliyeanzia ngome ya Raila alipata picha ya kinyume. Sentensi moja chini ya skrini, ikitaja fomu ngapi zimehesabiwa na kutoka kaunti zipi, ingetuliza nyoyo nyingi. Mara nyingi haikuwepo.

Kisha hesabu zikapungua kasi, zikasimama. Baraza la Vyombo vya Habari lilikuwa limeanza kuzungumza na wahariri juu ya kuwianisha takwimu, lakini mtazamaji hakuambiwa kwa uwazi kwa nini stesheni yake imenyamaza. Pengo hilo lilijazwa na majedwali yasiyo na mwenyewe kwenye WhatsApp.

Tarehe 15 mwenyekiti wa IEBC, Wafula Chebukati, alimtangaza Ruto mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Makamishna wanne wa tume wakiongozwa na Juliana Cherera walikuwa wameshayakana matokeo hayo katika hoteli ya Serena. Ruto alikuwa na asilimia 50.49, chembe tu juu ya nusu inayotakiwa na Katiba. Waangalizi wa ELOG, waliotumia sampuli ya vituo, walipata makadirio yanayoendana na ya tume, lakini sampuli haiwezi kuamua jambo la nusu asilimia. Palihitajika mtu aliyehesabu fomu zote. Vyumba vya habari vilikuwa na fomu, makarani na mahali pa kusemea hewani, vikakosa moyo.

Ndiyo maana naona tunapozungumzia upendeleo wa vyombo vyetu tunashika mkia na kumwacha ng'ombe. Upendeleo wa wamiliki upo, wala si siri: S.K. Macharia, mmiliki wa Royal Media, alimuunga mkono Raila hadharani, na Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, walilalamika kampeni nzima kuhusu dakika walizopewa. Lakini dakika zinahesabika, na aliyelalamikia dakika alishinda. Machi 2023 ikawa zamu ya Azimio, muungano wa Raila, kuwataka wafuasi wao wasusie gazeti la The Star, huku barabarani wakidai sava za IEBC zifunguliwe. Kelele za upendeleo huhama na kushindwa. Woga hauhami. Chombo kinachonyamaza wakati ushahidi uko mezani hupendelea yeyote mwenye kipaza sauti siku hiyo, awe amesema kweli au la.

Wahariri wana kumbukumbu zao, na si za kudharauliwa. Desemba 30, 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja huku nchi ikianza kuwaka kwa ghasia za uchaguzi. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa mahakama ya ICC huko The Hague kwa ghasia hizo, na kesi yake haikukatizwa hadi Aprili 2016. Januari 2018 Citizen, NTV na KTN zilizimwa na serikali kwa siku kadhaa kwa sababu ya Raila kujiapisha kuwa rais wa wananchi katika Uhuru Park. Mhariri aliyepitia hayo akiogopa tarakimu, simcheki. Ila mwaka 2013 woga huohuo ulivalishwa joho la amani. Wakenya wakaambiwa wakubali na wasonge mbele, na waliokuwa na maswali wakayabeba hadi uchaguzi uliofuata. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha matokeo ya urais, na moja ya hoja ilikuwa fomu hizohizo. Mwaka 2022 majaji wote saba wa mahakama hiyo waliidhinisha ushindi wa Ruto, lakini hukumu haikumfikia mpigakura ambaye tayari alikuwa ameonyeshwa mgombea wake akiongoza, kisha skrini ikanyamaza.

Gharama ni kisingizio chenye uzito zaidi. Matangazo ya kulipia ya serikali hulisha vyombo vingi, na Machi 2024 serikali iliagiza yapelekwe KBC, shirika lake la utangazaji, peke yake. Kila mkuu wa stesheni alielewa ujumbe. Lakini kuhesabu fomu kunaweza kufanywa kwa ushirikiano, maana hakuna stesheni itakayoipiku nyingine kwa kusoma karatasi zilezile. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027 wahariri waajiri makarani pamoja, waweke jedwali moja ambalo kila fomu inaonekana pembeni ya tarakimu yake, na watangaze mapema kwamba hawatasimama mpaka kituo cha mwisho kiingizwe, hata kama makamishna bado wanavutana katika kituo cha kitaifa cha kujumlisha kura, Bomas.