UCHAMBUZI: Soroveya na mashine yake si mwamuzi wa mipaka

MIZOZO ya mipaka imewatenganisha ndugu wa toka nitoke katika vijiji vingi nchini. Wanapochoka kugombana, aghalabu humwita soroveya wakiamini kuwa mashine yake itatoa jawabu lisilopingika.

Imani hiyo haina msingi katika nyaraka zinazomwongoza mpima ardhi mwenyewe. Mtaalamu huyu hufanya kazi chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura 299, pamoja na Kanuni za Upimaji zilizotolewa mwaka wa 1994. Mipaka nayo inasimamiwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ambayo katika kifungu cha 18 inasema waziwazi kuwa ramani inaonyesha mipaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale ambapo sajili imeeleza kwamba mipaka ya kipande hicho imethibitishwa.

Wenye hatimiliki wengi hawajawahi kuelezwa hayo. Wanadhani mstari ulio kwenye ramani umepimwa hatua kwa hatua.

Ukweli ni kwamba mingi ya mistari hiyo haikupimwa hivyo. Wakati wa mpango wa kuunganisha na kusajili mashamba ulioshika kasi katika miaka ya 1950, hasa eneo la Kati, wakulima waliagizwa kupanda nyua ili mipaka ionekane kutoka angani. Michoro ilinakiliwa kutoka kwa picha zilizopigwa kwa ndege na kukuzwa, na nyingi hazikuwa zimesahihishwa kufidia miinuko na mabonde. Katika nchi ya vilima, kosa la mita kadhaa lilikuwa jambo la kutarajiwa. Serikali ilikubali hali hiyo kwa sababu ilitaka hatimiliki nyingi, kwa haraka na kwa gharama nafuu.

Ndiyo maana kwa mashamba ya aina hii, ua wa kayaba uliokubaliwa na babu wawili una uzito kuliko wino wa ramani. Ploti nyingi za mijini na mashamba yaliyokuwa ya walowezi ni suala tofauti, kwa kuwa mipaka yake iliwekewa alama za chuma na saruji na vipimo vyake kuandikwa. Hata huko, alama ya asili ikipatikana mahali pake, mpima stadi huitegemea kabla ya kutazama hesabu.

Vifaa vya setilaiti vimeongeza utata kwa wasiojua. Ramani nyingi za zamani nchini zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, ilhali simu na vipokezi vya kisasa hutumia mfumo wa WGS 84. Anayechukua nambari za simu na kuziweka moja kwa moja juu ya ramani hizo hukosea kwa takriban mita 300. Hapo si ua wa jirani utakaohama bali kijiji kizima! Mpima aliyehitimu hubadilisha nambari hizo kwanza. Kijana mwenye kipokezi lakini asiye na leseni huenda hajui kuna mifumo miwili.

Hasara kubwa zaidi hutokea mahakamani. Kifungu hicho cha 18 kinakataza korti kusikiliza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa kwa utaratibu wa sheria, na anayeanza kazi hiyo ni msajili wa ardhi. Familia huuza ng'ombe kumlipa wakili, kisha kesi hutupwa nje bila swali la mpaka kuguswa. Lawama hapa si za mwananchi pekee. Sheria na kanuni hizi zimeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na ni nadra kwa mnunuzi wa shamba kuambiwa ni mpaka wa aina gani anaoununua.

Anayetaka uhakika ana njia chini ya kifungu cha 19. Msajili huwaarifu majirani wote wanaopakana na kipande hicho na kuwapa nafasi ya kusikizwa. Baada ya hapo ndipo soroveya hupima, ramani yake huwekwa katika faili na sajili kuandikwa kwamba mipaka imethibitishwa. Kuanzia siku hiyo, vipimo vya ramani huhesabiwa kuwa sahihi, hata kama ua wa kayaba umesimama upande wa pili.