Mgeni afikeje fukwe za Mtwara?

Anayetoka Nalasi, wilayani Tunduru, kwenda kuiona bahari hupitia Tunduru mjini, kisha hushika lami ya Masasi hadi Mtwara. Mjini humo bajaji na bodaboda humfikisha kokote, mradi apatane nauli na dereva kabla hajapanda. Mikindani, yenye Boma la Wajerumani la mwaka 1895, iko kando ya barabara ya Lindi, daladala zinatosha. Kwenda Msangamkuu, ng'ambo ya maji, kuna kivuko, na abiria husimama bega kwa bega na baiskeli na magunia. Kazi ipo Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 2000: mchanga hunasa magari madogo. Nauli na ratiba zibandikwe stendi na kivukoni, kwani mgeni asiyejua bei hutozwa ovyo.