Doa la Wino na Uvivu wa Wenye Elimu

Kuna hadithi moja ambayo kila asomaye historia ya vyombo vya kuandikia huikuta mapema, nayo husimuliwa hivi. Mwaka 1883, katika mji wa New York, wakala wa bima aitwaye Lewis Edson Waterman alimpelekea mteja mkataba mkubwa ili autie sahihi. Kalamu ikavuja, doa la wino likauharibu mkataba, na wakala alipokwenda kutafuta karatasi nyingine, mshindani wake akamwahi mteja yule. Kwa uchungu Waterman akaapa kutengeneza kalamu isiyovuja, na kutokana na kiapo hicho ulimwengu ukapata kalamu ya wino.

Hadithi hii ni tamu. Ina msiba, ina kisasi, ina na fundisho. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni kwamba hakuna ushahidi uliopatikana wa kuonyesha kuwa jambo hilo lilitokea. Nami sina budi kukiri mbele ya wasomaji ya kuwa niliifundisha kwa miaka mingi, mpaka siku moja mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliponiuliza kwa adabu, "Mwalimu, mteja yule aliitwa nani?" Nilimjibu kwamba jambo hilo si muhimu. Jibu langu lilikuwa baya kuliko ujinga wangu, na makala haya ni deni ninalomlipa.

Yaliyothibitishwa na wachunguzi ni haya. Waterman alikuwa New York akiuza kalamu za kampuni changa iliyoanzishwa na mtu aitwaye Frank Holland. Baada ya wiki sita tu Holland aliiacha biashara ile. Waterman akaishika, akazitia kalamu zile kipande alichokibuni mwenyewe cha kupitishia wino, chenye nyufa tatu nyembamba, wino ushuke polepole hali hewa yapanda kuchukua nafasi yake. Kwa kipande hicho alipewa hataza nambari 293,545, tarehe 12 Februari 1884. Alifariki mwaka 1901. Ndipo baadaye hadithi ya doa ilipoanza kuenezwa, tena na kampuni yenye jina lake, iliyokuwa na kalamu za kuuza.

Tazama basi hasara iliyotendeka. Doa lile la kubuni limefunika jina la mtu wa kweli. Frank Holland alikuwa na kampuni, na kampuni yake ndiyo mlango ambao Waterman aliingilia, walakini katika vitabu vingi hatajwi hata kwa neno moja. Mwenye kampuni ya wiki sita hana wa kumtungia hadithi. Mwenye kampuni ya miaka mingi anao, naye huwalipa.

Wala si yeye peke yake. Katika Janesville, jimbo la Wisconsin, mwalimu wa simu za maandishi aitwaye George Safford Parker aliwauzia wanafunzi wake kalamu za John Holland wa Cincinnati, ambaye asichanganywe na Frank. Kalamu zile zikasumbua, Parker akawa mtengenezaji wao, na mwaka 1888 akaanzisha kampuni yake. Leo, msomaji wa kawaida akimjua John Holland, humjua kama mtu ambaye kalamu zake zilivuja. Nani aliyetuambia hivyo? Historia ya kampuni ya Parker. Tumemhukumu mtengenezaji wa nibu za dhahabu kwa maneno ya mshindani wake, bila ya kumwita shahidi wa pili, nasi twajiita wasomi!

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba habari za watengenezaji wadogo wa kalamu ni upuuzi wa wakusanyaji wa vitu vikuukuu, hazimfai mtu wa chuo kikuu. Nami nauliza: wakusanyaji hao, ambao wengi wao hawana cheo wala mshahara wa chuo, ndio waliofukua magazeti ya zamani na kumbukumbu za hataza wakaionyesha hadithi ya doa kuwa haina msingi. Sisi wenye vyeo tulikuwa tukifanya nini wakati huo? Tulikuwa tukinakiliana. Aibu ni yetu, si yao.

Jibu la pili ni kwamba hadithi haina madhara, maana kalamu ni kalamu. Madhara yapo. Aaminiye kwamba kalamu ya wino ilizaliwa kwa hasira ya mtu mmoja hatatafuta tena walioitangulia. Hatajua kwamba Petrache Poenaru, Mrumania, alipewa hataza ya kalamu yenye wino ndani yake mjini Paris tarehe 25 Mei 1827. Hatajua kwamba Kadhi al-Nu'man, katika karne ya 10, aliandika habari za Khalifa al-Mu'izz wa Wafatimi aliyetaka atengenezewe kalamu iwekayo wino tumboni isimwage hata ikipinduliwa. Hata hataza ya Waterman mwenyewe haidai kuvumbua kalamu ya wino. Yadai kutengeneza vyema njia ya wino. Mvumbuzi alikuwa mnyenyekevu kuliko wasifu wake.

Jibu la tatu lina uzito zaidi: kwamba mtengenezaji mdogo hakuacha kumbukumbu. Ni kweli kwamba hakuacha makumbusho wala kitabu cha sifa zake. Lakini aliacha nyayo. Zimo katika hataza, katika vitabu vya anwani vya miji, katika sensa, katika mashauri ya mahakama, katika matangazo ya magazeti ya biashara, na katika kalamu zenyewe zilizochorwa majina na tarehe. Kila unyayo una mtego wake. Tangazo latuambia muuzaji alitaka tuamini nini, wala halituambii kilichotokea. Kalamu iliyochorwa tarehe 12 Februari 1884 haikutengenezwa siku hiyo. Hiyo ni tarehe ya hataza, nayo iliendelea kuchorwa kwa miaka. Mwanafunzi asiyejua hilo atakosea, na asiyekishika chombo kabisa hatajua hata kwamba amekosea.

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii yafaa barazani, ambako humwonya mtu ajihadhari na uvumi. Katika chumba cha mtafiti ni sumu. Lisilokuwapo huja kweli: huja kwa kurudiwa, likaingia katika kitabu, kisha katika mtihani, mpaka asiyelijua akaonekana mjinga.

Mtanambia, nasi wa Kiswahili yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Neno letu kalamu lilitufikia kwa Kiarabu, nacho kililipata kwa Kiyunani, kwa maana ya mwanzi. Neno peni lilitoka Kiingereza, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya unyoya. Hata hivyo wapo waenezao kwamba jina la peni limetokana na Penkala, mvumbuzi wa Zagreb aliyezaliwa mwaka 1871, hali Waingereza walikuwa wakilitumia neno hilo karne nyingi kabla yake. Tunawacheka. Lakini ni mara ngapi tumeipa jina letu la Kiswahili asili ya kubuni kwa sababu sauti zinafanana? Ni mara ngapi tumeandika kwamba utenzi fulani ni wa fulani kwa sababu aliyetutangulia aliandika hivyo, naye kwa sababu aliambiwa? Na mnakili aliyekesha na taa yake, akachonga mwanzi na kuchanganya wino ili utenzi ule utufikie, jina lake tumelitafuta wapi? Yeye naye ni Frank Holland wetu.

Kwa hiyo natoa rai kwa walimu wenzangu. Tasnifu yoyote itakayoletwa mbele yetu, iwe ya utenzi au ya kalamu, isipokelewe kwa kuwa imetaja vitabu kumi vinavyokubaliana. Huenda tisa vimenakili cha kumi. Mwandishi aulizwe habari hii ilisemwa mara ya kwanza lini, na nani, na msemaji yule alikuwa akiuza nini. Akishindwa kujibu, arudi maktabani. Na mwanafunzi akituuliza mteja yule aliitwa nani, tusimwambie kwamba si muhimu. Tumwambie kwamba hatujui, kisha tuondoke pamoja naye kwenda kutafuta.