Ujirani Usingoje Jumamosi ya Mwisho

Nataka kusema machache juu ya ujirani, hasa kwetu sisi tukaao shule za bweni, na kwenu ndugu zetu mliokwisha kumaliza masomo. Wengi hudhani kwamba Rwanda jambo hili limekwisha kutengenezwa, maana tunao umuganda. Mimi nasema umuganda ni mwanzo tu.

Kwa sheria ya mwaka 2007, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wa miaka 18 hadi 65 hutoka asubuhi kufanya kazi ya wote: kuzibua mifereji, kutengeneza njia, kupanda miti, kumjengea asiyejiweza. Kwetu Mbugangari, pembeni mwa mji wa Gisenyi, karibu na mpaka wa Goma, kazi hiyo yafaa sana. Ikiisha, watu hukaa kitako kusikiliza maneno ya viongozi, kisha kila mtu huenda zake. Hapo ndipo penye swali langu: tukisha kurudisha majembe nyumbani, je, tungali majirani?

Wazee wetu walikuwa na ubudehe. Watu wa mlima mmoja walilima pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Na mjane au mgonjwa asiyeweza kushika jembe alilimiwa vilevile. Mwenye kulima alijua amlimia nani, na kwa sababu gani.

Lakini hapana budi tuseme wazi: kazi ya pamoja peke yake haileti ujirani. Umuganda ulikuwapo nchini tangu miaka ya 1970. Watu walichimba mifereji pamoja na kunywa pombe ya ndizi pamoja, na miongoni mwao wakatoka waliowaua majirani zao katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mwaka 1994. Tena wauaji waliuita uovu ule "kazi". Sisi tuliozaliwa baadaye twapaswa kulifikiri sana jambo hili. Watu waweza kushika majembe bega kwa bega, na huku wamekwisha kufundishwa kwamba nyumba fulani si ya wenzao. Umoja unaoiacha nyumba moja nje si ujirani. Ni kundi tu.

Basi ujirani tuupime kwa nyumba ile ya mwisho, ambayo watu hawaiingii. Mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, wanifundisha jambo hili. Maskini hupewa ng'ombe, na mtamba wa kwanza atakaozaa hupewa jirani mwingine. Kwa njia hiyo nyumba mbili hufungamana. Yule aliyepokea jana leo ni mtoaji, wala hana sababu ya kuinamisha kichwa mbele ya mtu.

Tena shida haingoji Jumamosi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha, mto Sebeya ukafurika katika wilaya yetu ya Rubavu, na katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini watu zaidi ya 120 walikufa. Katika giza la namna hiyo, ni nani ajuaye kwamba bibi kizee fulani hulala chumba cha nyuma wala hasikii vizuri? Serikali itafika asubuhi, lakini jirani yupo usiku ule ule. Hata mlima Nyiragongo ulipolipuka, mwaka 2002 na tena mwaka 2021, watu wa Goma walikimbilia kwetu Gisenyi kwa miguu, na wengi walipokewa katika nyumba walizozijua kwa biashara na kwa udugu. Milango hiyo ilikuwa imefunguliwa siku nyingi kabla ya moto kushuka.

Najua wako watakaonijibu, "Mimi nina shughuli Kigali, nisipokwenda umuganda nitatoa faini." Faini haizidi faranga 5,000, na ukisha kuilipa, sheria haikudai kitu. Lakini fedha hiyo haitamjua bibi kizee wa chumba cha nyuma. Wengine, nao ni wanafunzi wenzangu, husema, "Sisi tuko likizo tu, tu wageni." Ugeni gani huo katika kijiji ulichozaliwa? Elimu ikitufanya tuone haya kushika chepe mbele ya wale waliouza viazi ili tulipiwe karo, basi elimu hiyo ina kasoro.

Kwa hiyo shauri langu ni fupi. Likizo ijayo, kila mmoja wetu azijue nyumba zote za isibo yake, yaani zile nyumba chache zilizo jirani ndani ya kijiji: nani mgonjwa, nani yu peke yake, nani ana barua asiyeweza kuisoma. Mvua zisijaanza, mwenye kiwanja cha juu na mwenye kiwanja cha chini wapatane maji yapite wapi, kabla hayajawa maneno ya kupelekwa kwa wapatanishi. Na iko nyumba moja, katika kila kijiji, ambayo watu huipita bila kubisha hodi. Tuanzie hiyo. Jifya moja haliinjiki chungu, na jifya likiachwa kando, chungu hupinduka.