Paka Aliyeitwa Redio

Wengi wenu mmekuwa mkituuliza juu ya watoto wanaoanza kusema uongo, na tumekuwa tukijibu kama watu wasiohusika. Mwezi huu tunaomba tueleze jambo lililotokea nyumbani kwetu wenyewe. Linahusu paka.

Ilikuwa masika ya mwaka 2021, jijini Dar es Salaam. Tulikuwa tumepanga juu, katika nyumba ya ghorofa yenye familia sita, na mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyefiwa na mumewe, alikaa chini. Kodi tulikuwa tumelipa ya miezi sita mbele. Katika mkataba kulikuwa na mstari aliouongeza kwa mkono wake mwenyewe: mpangaji asifuge mnyama wa aina yoyote. Tulitia sahihi bila kusita. Tuna watoto watatu, mnyama wa nini tena?

Alasiri moja mvua ilipokatika, mwanetu wa pili, aliyekuwa na miaka minane, alipanda ngazi akiwa ameukumbatia mkoba wa shule kifuani badala ya kuubeba mgongoni. Ndani ya mkoba mlikuwa na mtoto wa paka aliyelowa chapachapa, mwenye mabaka meusi na meupe, amekonda hata mbavu zikahesabika. Alikuwa amemtoa mtaroni. Baba yao aliporudi alimtazama yule paka, akatazama mvua iliyoanza tena, akasema, "Leo tu. Kesho aondoke." Nyie mlio na watoto mnaijua "leo tu" jinsi ilivyo ndefu.

Tulianza kwa makosa. Tulimpa maziwa ya ng'ombe, akaharisha usiku kucha, maana paka wengi hawayawezi maziwa hayo, ingawa sote tumekua tukiamini ndicho chakula chao. Tukahamia dagaa waliochemshwa bila chumvi, akanawiri. Choo chake kilikuwa beseni kuukuu lenye mchanga wa fundi. Dada wetu wa kazi ndiye aliyekuwa akiutoa ule mchanga alfajiri, kwenye ndoo, kabla majirani hawajaamka. Hatukumuuliza kama anakubali. Tulimwambia tu, "Usionekane." Mlinzi angemkamata, angefukuzwa yeye kwanza, na hilo halikutupitia akilini hata siku moja.

(Tukiwa hapo kwenye mchanga, neno kwa wajawazito: kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Mwingine akitoe kila siku. Ikibidi ukitoe wewe, vaa glavu na unawe vizuri. Vijidudu hivyo hupatikana pia katika nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa, kwa hiyo usimlaumu paka peke yake.)

Kisha ikaja siku ya redio. Binti yetu mkubwa alikutana na mwenye nyumba kwenye ngazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hivi hicho kinacholialia kwenu usiku ni kitu gani?"

"Ni redio, bibi. Imeharibika."

Tuliyasikia hayo tukiwa jikoni, na tuyaseme yote, tulicheka. Wakati wa chakula cha jioni baba yao alimsifu kwa akili yake ya haraka. Tangu hapo paka akaitwa Redio, na watoto wote watatu wakajua kwamba nyumbani kwetu kuna uongo unaopigiwa makofi.

Tulijitetea moyoni kwamba hatumdhuru mtu. Na kweli hatukuwa peke yetu duniani. Kule Singapore, ambako watu wengi hukaa katika nyumba za ghorofa zilizojengwa na serikali, kufuga paka ndani ya nyumba hizo kulikatazwa tangu mwaka 1989. Sababu zilizotolewa ni manyoya, makelele, na paka kuzurura na kuchafua mahali pa watu wote. Familia nyingi ziliwafuga kwa siri miaka hiyo yote, huku mbwa wadogo wa aina fulani wakiruhusiwa. Katazo hilo liliondolewa Septemba 2024, baada ya wananchi kuulizwa maoni yao, na sasa kila nyumba inaruhusiwa paka wawili, wakiandikishwa. Miaka 35 ya kufunga madirisha! Sisi tulidumu wiki tatu.

Jumamosi moja watoto walikuwa wakicheza na Redio kwa uzi. Akashtuka, akamng'ata yule wa pili katika kiganja mpaka damu ikatoka. Tulimwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kama inavyotakiwa, tukakimbilia hospitali. Kung'atwa na paka si jambo la kupuuza. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa paka naye huupata, na dalili zake zikishaanza kwa binadamu, kupona ni karibu muhali. Sindano za kuuzuia hufanya kazi zikiwahiwa.

Kwenye benchi alikuwapo jirani yetu mmoja wa ghorofa ileile, na mtoto wake mwenye homa. Nesi akamwinamia mwanetu akauliza, "Paka wa nani, baba?"

"Wa mtaani," akajibu bila kupepesa jicho. "Simjui. Alikimbia."

Tulinyamaza. Jirani alikuwa anasikiliza, na kodi ya miezi minne ilikuwa bado mkononi mwa mwenye nyumba. Nesi akaanza kuandika. Juma lililotangulia watoto walifundishwa katika shule ya Jumapili habari za Anania na Safira, na binti yetu alitaka kujua kwa nini Safira hakusema kweli alipoulizwa peke yake, mumewe hayupo. Tulimjibu haraka haraka kwamba labda aliogopa. Sasa na sisi tulikuwa tumeulizwa, na baba yao hayupo.

"Dada," tulimwambia nesi, "futa hilo. Paka ni wetu. Yuko nyumbani."

Aliweka kalamu chini. "Mama, amechanjwa?"

Hakuwa amechanjwa. Tungempelekaje kwa daktari wa mifugo wakati hata dirishani hatukumruhusu asimame? Nesi akatueleza bila ukali kwamba sindano zitaanza siku hiyohiyo, lakini paka anayejulikana alipo hufungiwa na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima, daktari anaweza kuzisimamisha sindano zilizobaki. Paka aliyekimbia hana wa kumwangalia.

Njiani tulimuuliza mtoto kwa nini alisema vile. Akatutazama kwa mshangao wa kweli. "Si ndivyo tunavyosema?"

Usiku ule sisi wazazi hatukulala. Kesho yake, baada ya ibada, tulishuka wote wawili kwa mwenye nyumba kabla jirani hajatutangulia. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita mjukuu wake, kijana mwembamba ambaye alikuwa akipanda kucheza na wanetu karibu kila jioni.

"Huyu ana pumu," alisema. "Mpangaji wa zamani alifuga paka, huyu akalazwa. Ndiyo maana niliandika, wanangu. Sikuandika kwa ubaya."

Kinachomwamsha pumu mtu wa namna hiyo hutoka katika mate na ngozi ya paka, hushika kwenye manyoya, na kutoka hapo huganda hata kwenye nguo. Wanetu walikuwa wakimkumbatia Redio, kisha wanamkumbatia rafiki yao. Katika zile wiki tatu kijana yule alibanwa kifua mara mbili. Mama yule hakusema ni sisi, na masika nayo huleta pumu, lakini tulishindwa kumtazama usoni.

Hakubadilisha mkataba, na hatukumwomba. Alituruhusu tumfungie paka zile siku 10 katika stoo ya nje, mbali na mjukuu wake, na daktari wa mifugo akaja kumwangalia mchana kweupe, mlinzi akimfungulia geti. Dada wetu wa kazi tulimwomba radhi mbele ya watoto. Aliona haya kuliko sisi. Paka alibaki mzima, akachanjwa, tukampeleka Kibaha kwa ndugu mwenye mashine ya kusaga, ambako panya hawaishi. Mwanetu wa pili alilia njia nzima kurudi, na hatukumwambia anyamaze.

Bado tunakaa nyumba ileile. Kila tunaposhuka kulipa kodi, mwenye nyumba huzihesabu noti, huandika risiti, kisha huuliza, "Na ile redio yenu ya Kibaha, bado inalia?"